Nukta Tatu za Mwanga: Historia ya Mtambo wa Kwanza wa Michezo ya Televisheni Nyumbani

Katika miaka ya 1950 na 1960 televisheni ilienea upesi katika nyumba za Marekani. Chombo hicho kilikuwa na tabia moja isiyobadilika: kilisema na watu wakasikiliza, kilionyesha na watu wakatazama. Mtazamaji aliweza kukiwasha, kukizima na kuchagua stesheni. Zaidi ya hayo hakuwa na amri juu yake. Picha zote zilitungwa mbali, katika studio, zikarushwa hewani, nacho chombo kikazipokea tu.

Mwaka 1972 kampuni ya Magnavox ya Marekani ilianza kuuza kisanduku kidogo kilichoitwa Odyssey. Kisanduku hicho kilipounganishwa na televisheni ya kawaida, mtu aliyeketi kitini aliweza kusogeza nukta ya mwanga juu ya kioo kwa kuzungusha kifundo. Huo ndio uliokuwa mtambo wa kwanza wa michezo ya televisheni kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani. Haukuwa na kompyuta ndani yake, wala kumbukumbu, wala sauti, wala rangi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ulivyobuniwa, jinsi ulivyofanya kazi, na kwa nini mahakama za Marekani zilitumia miaka mingi kuamua ni nani hasa aliyeuvumbua mchezo wa televisheni.

Waliotangulia

Haifai kudhani kwamba kabla ya Odyssey hapakuwa na mtu aliyewahi kucheza mchezo kwa kutumia vyombo vya elektroniki. Mwaka 1952, A. S. Douglas wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alitunga programu ya mchezo wa sufuri na msalaba katika kompyuta iliyoitwa EDSAC. Mwaka 1958, mwanafizikia William Higinbotham alitengeneza mchezo wa tenisi katika Maabara ya Taifa ya Brookhaven, Marekani, ili kuwafurahisha wageni waliokuja kutazama kazi za maabara. Mchezo wake ulionekana katika kioo kidogo cha osiloskopu, chombo ambacho mafundi hukitumia kuchunguza mawimbi ya umeme. Mwaka 1962 vijana wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts walikamilisha Spacewar!, mchezo wa vyombo viwili vya angani vinavyopigana, katika kompyuta ya PDP-1.

Michezo yote hiyo ilikuwa na kasoro moja kwa mtu wa kawaida: haikuweza kutoka maabara. PDP-1 ilikuwa na bei ya dola 120,000 hivi, na ukubwa wake ulihitaji chumba. Swali ambalo halijajibiwa lilikuwa hili: je, yawezekana kumpa mtu mchezo wa namna hiyo nyumbani kwake, kwa kutumia televisheni aliyo nayo tayari, na kwa gharama anayoimudu?

Mhandisi na swali lake

Ralph Baer alizaliwa Ujerumani mwaka 1922 katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1938, wakati mateso ya utawala wa Wanazi yakizidi, familia yake ilikimbilia Marekani. Kijana huyo alijifunza ufundi wa redio, akatumikia jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Pili, na baada ya vita akasoma uhandisi wa televisheni huko Chicago, akapata shahada yake mwaka 1949. Mwaka 1951, alipokuwa mwajiriwa wa kampuni ya Loral, alishauri kwamba televisheni waliyokuwa wakiibuni iwekewe mchezo wa namna fulani. Wakubwa wake hawakuona maana ya jambo hilo, nalo likaachwa.

Miaka 15 baadaye Baer alikuwa mkuu wa kitengo katika Sanders Associates, kampuni ya New Hampshire iliyotengeneza vyombo vya elektroniki kwa ajili ya jeshi. Mwezi Agosti 1966, akiwa safarini New York, wazo lile la zamani lilimrudia. Tarehe 1 Septemba 1966 aliandika maelezo ya kurasa nne kuhusu kisanduku kitakachounganishwa na televisheni na kuonyesha michezo ya aina mbalimbali. Hapana budi kukumbuka kwamba kazi hiyo haikuhusiana kabisa na shughuli za kampuni yake. Hata hivyo, baada ya kuonyesha jaribio la kwanza, alipewa dola 2,500 za kuendelezea utafiti: 2,000 kwa ajili ya malipo ya kazi na 500 kwa ajili ya vifaa.

Mwaka 1967 walijiunga naye fundi Bill Harrison na mhandisi Bill Rusch. Mwanzoni mchezo wao ulikuwa na nukta mbili tu, kila mchezaji akiongoza yake, moja ikiifukuza nyingine. Mchezo huo ulichosha upesi. Rusch ndiye aliyetoa shauri lililobadili kila kitu: iwepo nukta ya tatu, isiyoongozwa na mchezaji yeyote bali na mtambo wenyewe. Nukta hiyo ikawa mpira, na zile mbili zikawa mabango ya kuupigia. Kabla ya mwaka 1967 kwisha, walikuwa wakicheza tenisi ya meza katika televisheni.

Jinsi televisheni inavyochora picha

Ili kufahamu ufundi wa kisanduku hicho, yatupasa kwanza kufahamu televisheni za wakati ule. Nyuma ya kioo mlikuwa na mrija mkubwa usio na hewa ndani. Katika shingo ya mrija huo mwali mwembamba wa elektroni ulifyatuliwa kuelekea kwenye kioo, na upande wa ndani wa kioo ulipakwa fosfori, kemikali inayong'aa inapopigwa na elektroni. Kwa hiyo, kwa wakati mmoja, mwali uligusa mahali pamoja tu. Picha nzima ilipatikana kwa sababu mwali ulisogezwa kwa kasi kubwa mno, kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, kutoka juu hadi chini, kama macho ya mtu asomaye kitabu.

Katika mfumo uliotumika Marekani, picha kamili ilikuwa na mistari 525. Mwali ulishuka kutoka juu hadi chini mara 60 kwa sekunde, ukichora nusu ya mistari katika kila mshuko. Mstari mmoja ulichukua muda wa sehemu 63.5 za milioni ya sekunde. Ishara ya televisheni ilifanya kazi mbili. Ilitoa mapigo ya umeme ya kuulinganisha mwali, yaani kuuambia lini uanze mstari mpya na lini urudi juu. Na katikati ya mapigo hayo ilieleza mwali ung'ae kwa kiasi gani.

Hapa ndipo penye ufunguo wa uvumbuzi wote. Kwa kuwa mwali husafiri kwa mwendo unaojulikana, kila mahali katika kioo pana wakati wake. Kuonyesha nukta mahali fulani si jambo lingine ila ni kuuamuru mwali ung'ae kwa wakati fulani. Mahali pamegeuka kuwa wakati.

Nukta inavyotengenezwa

Ndani ya kisanduku cha Baer na wenzake mlikuwa na saketi ndogo zilizotoa mapigo ya kulinganisha mwali, sawa na yale yatokayo stesheni ya televisheni. Kwa kila nukta palikuwa na saketi nyingine yenye vipima wakati viwili. Kipima wakati cha kwanza kilianza kuhesabu mwali ulipoanza kushuka kutoka juu ya kioo. Cha pili kilianza upya kila mstari mpya ulipoanza. Kila kimoja kilipomaliza muda wake kilitoa mpigo mfupi. Mapigo yote mawili yalipokuwapo kwa pamoja, na hapo tu, mwali uliruhusiwa kung'aa. Matokeo yake yalikuwa mraba mdogo mweupe juu ya kioo cheusi.

Muda huo ulipimwaje bila ya kompyuta? Ulipimwa kwa kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme. Tuchukue mfano wa pipa linalojazwa maji kwa bomba. Bomba likifunguliwa sana, pipa hujaa upesi. Likifunguliwa kidogo, hukawia. Kapasita nayo hujaa chaji upesi au polepole kadiri ya ukinzani uliopo katika njia ya umeme. Kifundo alichozungusha mchezaji kilikuwa ndicho bomba hilo: kilibadili kiasi cha umeme, nacho kikabadili muda wa kungoja. Mchezaji akizidisha muda wa kungoja katika kila mstari, nukta ilisogea kulia. Akizidisha muda wa kungoja tangu juu ya kioo, nukta ilishuka. Yeye aliona anaisogeza nukta. Kwa hakika alikuwa akiichelewesha.

Mpira ulitumia njia hiyo hiyo, isipokuwa umeme wake haukubadilishwa kwa mkono bali ulipanda na kushuka polepole wenyewe, na hivyo mpira ukaelea kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ukuta au wavu wa katikati haukuwa kitu kipya: ulikuwa nukta iliyorefushwa kutoka juu hadi chini.

Swali gumu zaidi ni jinsi mtambo usio na akili yoyote ulivyojua kwamba mpira umegonga bango. Jibu lake ni jepesi ajabu. Vitu viwili vikigusana katika kioo, mapigo yake ya umeme hutokea kwa wakati mmoja. Ilitosha basi kuweka saketi ya dayodi chache iliyouliza jambo moja tu: je, mapigo haya mawili yamekutana? Yakikutana, swichi ya elektroniki iligeuzwa, mkondo ukabadili upande, na mpira ukarudi ulikotoka. Kanuni hiyo ya mgongano ndiyo iliyokuja kubishaniwa mahakamani.

Kutoka karakana hadi dukani

Kati ya mwaka 1966 na 1968 kikundi hicho kilitengeneza mitambo saba, kila mmoja bora kuliko uliotangulia. Wa mwisho ulifunikwa kwa karatasi ya plastiki yenye sura ya mbao, nao ukaitwa Kisanduku cha Kahawia. Uliweza kuonyesha rangi nyuma ya nukta, ulikuwa na swichi za kuchagua mchezo, na uliandamana na bunduki ya mwanga. Bunduki hiyo haikufyatua kitu. Ndani ya mtutu wake mlikuwa na kifaa kihisicho mwanga. Ilipoelekezwa penye nukta na kifyatulio kikavutwa, kifaa hicho kiliuona mwanga na kuihesabu shabaha.

Kwa kuwa Sanders haikuwa na biashara ya vyombo vya nyumbani, ililazimu kutafuta kampuni ya kuutengeneza mtambo huo kwa wingi. Kampuni ya RCA ilikaribia kutia sahihi mkataba, lakini mazungumzo yakavunjika. Baadaye mmoja wa watu wa RCA waliouona mtambo alihamia Magnavox na kuwashawishi wakubwa wake wapya wautazame. Baer aliuonyesha huko Fort Wayne, Indiana, mwezi Julai 1969, na mkataba ulitiwa sahihi Januari 1971.

Wahandisi wa Magnavox waliupunguza ili gharama ishuke. Rangi iliondolewa. Mahali pa swichi pakawekwa kadi sita. Msomaji aliyezoea mitambo ya baadaye asidhani kwamba kadi hizo zilihifadhi programu, la hasha. Zilikuwa na nyaya tu za kuunganisha pini moja na nyingine, hivyo kila kadi ilipanga upya saketi zilizokwisha kuwamo kisandukuni. Mtambo mzima ulikuwa na transista 40 na dayodi 40 hivi, ukaendeshwa kwa betri sita.

Kwa kuwa mtambo haukuweza kuchora uwanja wala nyumba wala ramani, Magnavox ilitoa karatasi angavu za plastiki zilizochorwa kwa rangi, za saizi mbili kulingana na ukubwa wa televisheni. Ziliwekwa juu ya kioo, nazo zikanatia hapo kwa nguvu ya umeme tuli. Nukta ile ile ikawa mtelezaji katika theluji, au nyambizi baharini, au panya anayekimbizwa na paka. Ndani ya boksi mlikuwa pia na dadu, karata, fedha za bandia na mbao za kuandikia alama, kwa maana mtambo haukujua kuhesabu mabao.

Jambo hili lastahili kuangaliwa vizuri. Ubao wa bao haujui sheria za bao: haumzuii mtu kuibia kete, wala haumtangazi mshindi. Sheria zimo vichwani mwa wachezaji, na mchezo husimama juu ya uaminifu wao. Odyssey ilikuwa vivyo hivyo. Ilitoa nukta zinazotembea. Yaliyobaki yote, yaani sheria, alama na maana ya kila kitu, waliyaleta wachezaji wenyewe. Katika hilo ilikuwa karibu zaidi na michezo ya kale kuliko mitambo iliyoifuata.

Odyssey ilianza kuuzwa Septemba 1972 kwa bei iliyokaribia dola 100, ikiwa na michezo 12. Bunduki iliuzwa kando. Bei hiyo ilikuwa ya juu kuliko Baer alivyokusudia. Tena, kwa kuwa iliuzwa katika maduka ya Magnavox, wanunuzi wengi walidhani haikubali televisheni za kampuni nyingine, ingawa ilifanya kazi na televisheni yoyote. Hata hivyo ilikuwa imeuzwa kiasi cha mitambo 350,000 ilipoacha kutengenezwa mwaka 1975.

Nani mvumbuzi?

Tarehe 24 Mei 1972 Magnavox ilifanya onyesho huko Burlingame, California. Miongoni mwa wageni alikuwamo Nolan Bushnell, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameshirikiana na Ted Dabney kutengeneza Computer Space, mchezo wa kutumbukiza sarafu. Bushnell aliicheza tenisi ya meza ya Odyssey, na jina lake likabaki katika kitabu cha wageni. Mwezi uliofuata yeye na Dabney waliisajili kampuni ya Atari, na mhandisi wao Allan Alcorn akapewa kazi ya kutengeneza mchezo wa tenisi ya meza. Mchezo huo, Pong, ulitokea mwishoni mwa 1972, ukajaa katika mabaa na kumbi za starehe.

Haki yadai kusema kwamba Pong haikuwa nakala tupu. Alcorn aliongeza sauti na hesabu ya mabao inayoonekana katika kioo, na mpira wake uliruka kwa pembe tofauti kulingana na mahali ulipogonga bango. Umma uliupenda kuliko Odyssey, na umaarufu wake ulisaidia hata Odyssey yenyewe kununuliwa.

Lakini Sanders walikuwa na hataza, yaani hati za serikali zinazompa mvumbuzi haki ya pekee juu ya kazi yake kwa muda maalumu. Hataza ya Rusch ilitolewa mwaka 1972 na ya Baer mwaka 1973. Mwaka 1974 Magnavox na Sanders walifungua kesi dhidi ya Atari na makampuni mengine. Atari ilipatana nao nje ya mahakama mwaka 1976 kwa dola milioni 1.5, ikapewa leseni. Januari 1977 Jaji John Grady wa Chicago aliamua dhidi ya washitakiwa waliobaki, akaitambua hataza ya Baer kuwa msingi wa fani nzima ya michezo ya televisheni.

Katika miaka ya 1980 kampuni ya Nintendo ya Japani ilijaribu kuzibatilisha hataza hizo. Hoja yake ilikuwa kwamba Higinbotham alikwisha kutengeneza tenisi mwaka 1958. Mahakama haikukubali, kwa kuwa osiloskopu ya Higinbotham haikutumia ishara ya televisheni.

Kwa hiyo jibu lategemea swali. Tukiuliza nani wa kwanza kucheza kwa elektroniki, tutawataja Douglas na Higinbotham. Tukiuliza nani aliufanya umma uupende mchezo, tutawataja Bushnell na Alcorn. Lakini tukiuliza nani aliigeuza televisheni ya sebuleni kuwa chombo kinachomtii mtazamaji, jibu ni Baer, pamoja na Harrison na Rusch ambao majina yao husahauliwa mara nyingi.

Yaliyofuata

Ufundi wa Odyssey haukudumu muda mrefu. Mwaka 1976 General Instrument ilitoa saketi unganishi moja iliyokuwa na michezo kadhaa ya mpira ndani yake, na makampuni mengi yakatengeneza visanduku vya bei nafuu. Mwaka huo huo Fairchild ilitoa Channel F, mtambo uliobuniwa chini ya uongozi wa mhandisi Mmarekani mweusi Jerry Lawson. Huo ulikuwa na prosesa ndani yake, na kaseti zake, tofauti na kadi za Odyssey, zilihifadhi programu hasa. Mwaka 1977 Atari ilifuata njia hiyo kwa VCS. Tangu hapo mchezo ukawa maandishi ya programu, si mpango wa nyaya.

Baer alitunukiwa Nishani ya Taifa ya Teknolojia ya Marekani mwaka 2006, akafariki Desemba 2014 akiwa na umri wa miaka 92. Kisanduku cha Kahawia kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington.

Televisheni za mrija sasa zimeachwa katika nchi nyingi, na pamoja nazo umetoweka ule mwali uliochora picha mstari kwa mstari. Lakini funzo la uhandisi lililomo katika kisanduku kile halijachakaa. Wenye kompyuta kubwa walikuwa na uwezo mwingi, na michezo yao ikabaki maabara. Baer na wenzake walikuwa na dola 2,500 na transista chache. Kwa hiyo walilazimika kuuliza ni kazi gani tayari inafanywa na chombo kilichomo nyumbani mwa kila mtu, na ni kidogo gani kilichopungua. Waligundua kwamba televisheni yenyewe ilifanya karibu kazi yote, na kilichopungua kilikuwa ni mpigo mfupi wa umeme utolewao kwa wakati wake.